Masikio ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumwamsha shangazi yake. Hakubisha mlango wala kumwita, maana hata angepiga ngoma Shangazi asingesikia. Alichofanya ni kuingiza mkono chumbani, kuwasha taa, kuizima na kuiwasha tena. Sauti nene ilitoka chini ya shuka: "Nimeamka! Usinimalizie umeme!" Chiriku alicheka, akakimbilia jikoni ambako Mama alikuwa akichemsha chai.

Jina hilo la Chiriku alipewa na baba yake, fundi seremala, kwa sababu tangu siku alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Sasa alikuwa darasa la sita, na nyumbani alikuwa na cheo kingine kikubwa zaidi. Simu ya Shangazi ikilia, Chiriku aliipokea. Mgeni akipiga hodi, Chiriku alikwenda kusikiliza. "Huyu ndiye masikio ya Shangazi," Mama aliwaambia wageni, na kila aliposema hivyo, Chiriku alihisi amerefuka kidogo.

Shangazi hakuzaliwa kiziwi. Alipokuwa msichana aliajiriwa katika kiwanda cha kufuma vitambaa. Mashine zilinguruma kutwa nzima, na siku hizo wafanyakazi hawakupewa vizibo vya masikio. Usikivu wake ulififia kidogo kidogo, kama rangi ya nguo inayoanikwa juani kila siku. Aliogopa kufukuzwa, kwa hiyo alificha, akajifunza kusoma midomo ya watu. Wenzake wakicheka, naye alicheka. Msimamizi akisema neno, aliitikia kwa kichwa.

Siku moja uzi ulinasa, na msimamizi akapaza sauti kwamba kila mtu azime mashine yake. Wote walizima isipokuwa Shangazi. Jirani yake alikuwa ameinama kuunasua uzi ule, na mkono wa blauzi yake ukavutwa na mashine ya Shangazi ukachanika. Bahati nzuri ulikuwa mkono wa blauzi, si mkono wenyewe.

Kesho yake Shangazi aliitwa ofisini na kuambiwa aende nyumbani. Hakuinuka kitini. Alisema, "Mimi ni kiziwi, na nilikosea kuficha. Lakini macho yangu ni mazima, na kazi ya mikono yangu mnaijua. Nifungieni taa nyekundu juu ya mashine. Mkitaka nizime, iwasheni."

Meneja alijibu kwamba jambo kama hilo halijawahi kufanyika pale.

"Hata mashine hizi zilikuwa hazijawahi kufungwa hapa," Shangazi alisema, "mpaka mlipozifunga."

Taa ikafungwa. Haukupita muda mrefu, taa kama ile zikawekwa juu ya mashine zote, maana katika kelele ile hata wenye masikio mazima walikuwa wakibahatisha tu. Tangu hapo kila mfanyakazi aliyeumia kidole, aliyepungukiwa na nuru ya macho au aliyeanza kuchechemea alimfuata Shangazi kumwomba amsemee. Mwishowe aliacha kufuma, kazi yake ikawa hiyo hiyo: kuingia viwandani, maofisini na mahospitalini, kuwafundisha wafanyakazi wenye ulemavu haki zao, na kuwaonyesha waajiri kwamba mara nyingi kinachohitajika ni badiliko dogo tu. Aliandika na kitabu, akakiita *Nipe Taa Nifanye Kazi*. Chiriku alikuwa amekisoma mpaka jalada likalegea. Ile sehemu ya ofisini aliijua kwa moyo, na mara nyingine aliiigiza mbele ya kioo, akiwa Shangazi na meneja kwa zamu.

Basi ajabu ni kwamba msomaji hodari kama huyo hakuona kuwa yeye mwenyewe alikuwa akificha.

Sikio lake la kulia lilianza kuwasha wakati wa mvua. Baadaye likatoa maji, kisha usaha. Rafiki yake wa dawati moja alimshauri atie mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, naye akatia, hali ikazidi kuwa mbaya. Chiriku alilizibia pamba, akafunga kitambaa cha kichwa kikashuka mpaka chini ya masikio. Sauti za upande ule zikawa kama zinatoka ndani ya mtungi.

Darasani alianza kukisia. Siku moja mwalimu aliuliza, "Chiriku, taja mdudu mwenye faida." Yeye alisikia "mtu". Akasimama, akajibu kwa kujiamini, "Mwenye duka!" Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku naye alicheka kwa nguvu kuliko wote, kana kwamba alikuwa amekusudia mzaha, na mwalimu akamwambia aache utani.

Mara kadhaa alitaka kumwambia Mama. Kila alipofungua mdomo, wazo moja lilimfunga: kama masikio ya Shangazi hayasikii, yana kazi gani tena?

Wakati huo Shangazi alikuwa akishughulikia jambo la mwanamke mmoja aliyejulikana kwa jina la Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa akitia mikate mifukoni na kuifunga katika kiwanda cha mikate, na hakuna aliyemshinda kwa wepesi wa mikono. Aligongwa na gari, na mguu wake mmoja haukurudi kama zamani. Sasa alitembea kwa magongo, wala hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Meneja wa kiwanda alisema kazi ya kufunga mikate ni ya kusimama, kwa hiyo hapakuwa na njia ila kumwachisha. Shangazi aliomba nafasi ya kuzungumza naye kwanza, akapewa saa nane mchana, siku ya Jumamosi. Baba akatengeneza kiti kirefu chenye egemeo na ubao wa kukanyagia miguu, kinacholingana na meza ya kufungia mikate.

Siku ya Ijumaa jioni simu ililia. Alikuwa karani wa kiwanda cha mikate, mzee mmoja ambaye ukimwandikia ujumbe yeye hukupigia simu. Chiriku alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, hivyo akaiweka simu kwenye sikio la kulia. Jikoni sufuria zilikuwa zikigongana.

"Mwambie Shangazi yako kwamba mkutano wa kesho..." sauti ikazama, ikaibuka, "...meneja ana safari... saa n..."

"Saa nane?" Chiriku alidhani ndivyo alivyosikia, maana ndiyo saa aliyokuwa akiijua. Karani akasema tena jambo fulani, kisha akauliza, "Umenisikia, mwanangu?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema, "Hapana, babu, rudia." Ni maneno mepesi tu. Lakini Shangazi alikuwa ameketi pale pale akimtazama, akisubiri.

"Ndiyo, nimesikia," alisema, akakata simu. Akamgeukia Shangazi ili aone midomo yake. "Ni karani. Anakumbusha mkutano wa kesho, saa nane."

Siku ya pili asubuhi Shangazi alikuwa bado amevaa khanga, anapiga pasi blauzi yake, wakati simu yake ilipowaka taa. Ulikuwa ujumbe wa Mama Pacha: *Dada, uko wapi? Saa nne hiyo imepita na meneja anajiandaa kuondoka.*

Shangazi aliacha pasi. "Saa nne? Chiriku! Jana karani alisema saa ngapi?"

Sasa Chiriku aliikumbuka vizuri ile sauti iliyokuwa ikizama. *Nne.* Karani alisema nne, tena alirudia.

"Alisema saa nane, Shangazi," akajibu haraka. "Amekosea yeye."

Hapakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Baba alipakia kile kiti kwenye teksi, miguu ya kiti ikatokeza dirishani. Shangazi alikaa mbele, akifunga vifungo vya blauzi iliyopigwa pasi upande mmoja. "Huyo karani nitamwambia ukweli wake leo," alisema kwa sauti yake nene, mpaka dereva akashtuka. "Mtu anakaribia kumpotezea mwenzake kazi kwa sababu hawezi kuandika ujumbe wa neno moja!"

Chiriku, nyuma pamoja na Baba, alikumbatia mguu wa kiti. Uongo ni kama moshi, Mama alizoea kusema. Unauziba dirishani, unatokea mlangoni.

Walipoingia katika chumba cha kufungia mikate, harufu ya mikate ya moto ilikuwa imejaa, na wafanyakazi waliovaa kofia nyeupe walijifanya hawatazami. Mama Pacha alisimama ukutani na magongo yake, aproni imefungwa vizuri kana kwamba anaanza zamu. Macho yake yalikuwa mekundu. Meneja alikuwa na mkoba mkononi. Mbele yake alisimama karani, mzee mwenye miwani, kichwa ameinamisha.

"Nilikuagiza umjulishe mama huyu," meneja alikuwa akisema, akimwonyesha Shangazi kwa mkono. "Kazi ya kupiga simu moja tu! Na mwezi uliopita ulikosea mzigo wa unga. Jumatatu uje ofisini, tuone kama kazi hii bado unaiweza."

"Nilipiga, mkuu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia saa nne. Nikarudia. Mtoto akasema amesikia."

"Mtoto huyu?" meneja alimgeukia Chiriku. "Aliambiwa saa ngapi?"

Wote walimtazama. Karani naye alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayejiuliza mwenyewe: labda ni kweli nimezeeka, labda nilisema nane. Mtazamo huo ndio uliomshinda Chiriku.

"Babu hakukosea," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Alisema saa nne. Mimi sikusikia vizuri, na sikumwomba arudie. Asubuhi nikasingizia." Akamgeukia Shangazi, maana Shangazi hakuwa ameiona midomo yake, akarudia polepole huku machozi yakimtiririka: "Sikio langu la kulia halisikii, Shangazi. Ni siku nyingi. Nilikudanganya."

Shangazi aliitazama midomo ile mpaka ikanyamaza. Kisha alikwenda kwa karani, akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka. Nilikuja hapa nimekuandalia maneno makali. Nayameza."

"Yamekwisha," mzee alijibu, akavua miwani na kuifuta. "Nilishaanza kudhani akili imenitoka." Akamgusa Chiriku begani. "Umenirudishia heshima yangu, mwanangu."

Meneja alikohoa. Alitazama saa yake, akamtazama tena karani, na kidogo uso wake ukaonyesha haya. "Mzee, hayo ya Jumatatu yaache," alisema. Akaweka mkoba chini. "Dereva atanisubiri. Haya, mama, nionyeshe ulichokuja kunionyesha."

Shangazi hakutoa hotuba. Alimwita Baba, kiti kikawekwa mbele ya meza, na Mama Pacha akakaa, magongo akayaegemeza pembeni. Mikate ilipoanza kuja, mikono yake iliamka. Alishika, akatia mfukoni, akazungusha, akafunga, akasukuma. Alishika, akatia, akazungusha. Msichana aliyekuwa akifunga kando yake aliacha kujifanya hatazami, akaanza kukimbizana naye, akashindwa, akacheka.

"Sawa," meneja alisema, "lakini kesho wengine nao watataka viti."

"Wape!" Shangazi alijibu. "Nani alikwambia mkate unafungwa kwa miguu?"

Chumba kizima kilicheka, na meneja mwenyewe akashindwa kujizuia. Aliuliza habari ya kubeba kreti zilizojaa. Karani akasema kipo kigari cha magurudumu ghalani, hakina kazi. Msichana wa kando akasema yeye atakisukuma, mradi Mama Pacha amfundishe ule wepesi wa mikono. Meneja alisimama akifikiri, akitikisatikisa ufunguo mfukoni.

"Abaki," alisema mwishowe. "Jumatatu aanze zamu yake kama kawaida."

Mama Pacha hakushangilia. Alifunga mkate uliokuwa mkononi mwake, akaubana vizuri, akausukuma mahali pake. Ndipo alipovuta pumzi moja ndefu, akashusha mabega kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya safari. "Mungu wangu," alisema. "Watoto wangu sijui nitawaambia kwa kicheko au kwa kilio."

Nje, karibu na geti, palikuwa na benchi la walinzi. Shangazi aliketi, akamwonyesha Chiriku aketi mbele yake, mahali ambapo wangeonana nyuso.

"Fungua kitambaa hicho, nione."

Chiriku alikifungua. Shangazi aliiona pamba iliyochafuka, uso wake ukajikunja kwa uchungu.

"Kitabu changu umekisoma mara ngapi?"

"Nyingi, Shangazi."

"Nacho kinasema nini?"

"Usifiche. Sema unachohitaji." Chiriku alilia upya. "Lakini wewe unahitaji masikio yangu! Nikiwa sisikii, utanichukua wapi tena? Utafuatana na nani?"

Shangazi alishika uso wake kwa mikono miwili. "Nisikilize kwa hilo moja linalosikia. Unadhani nakupenda kwa sababu ya masikio? Mtu wa kunipokelea simu nitampata popote. Chiriku nitampata wapi?" Kisha akakunja uso kidogo. "Lakini usidhani nimefurahi. Mzee wa watu alikaribia kupoteza kazi, na Mama Pacha vilevile, kwa sababu uliona haya kusema 'rudia'. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na simu. Shukuru Mungu ni simu!"

Chiriku hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka kikachanganyika na machozi, naye akahisi kifua kimefunguka, kana kwamba ile pamba ilikuwa imeziba huko pia.

Jumatatu Mama alimpeleka hospitali, na Shangazi akakataa kubaki nyumbani. Daktari wa masikio alilisafisha sikio, akalimulika, akauliza maswali. Aliposikia habari ya mafuta ya kupikia alitikisa kichwa. "Mafuta ni ya sufuria," alisema. Alieleza kwamba ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio ilikuwa imetoboka kwa sababu ya maambukizi. Akampa dawa ya matone, akamkataza kuingiza kitu kingine chochote sikioni na kuliacha liingie maji. Alisema tundu kama hilo mara nyingi huziba lenyewe. Lisipoziba, kuna upasuaji mdogo. "Usikivu wake huenda usirudi wote," alimwambia Mama waziwazi. "Lakini mngechelewa zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama alikwenda shuleni siku ya pili yake. Mwalimu alisikitika, akakumbuka ile habari ya mdudu na mwenye duka. Alimhamisha Chiriku kwenye kiti cha mbele upande wa kulia, ili sikio lake zima la kushoto lielekee kwa mwalimu, na akaacha tabia ya kusema huku ameuelekea ubao. Wanafunzi wawili wa nyuma walikiri kwamba hata wao siku hizi wanamsikia vizuri zaidi.

Waliporudi hospitali baadaye, usaha ulikuwa umekauka kabisa na tundu lilikuwa limeanza kupungua. Daktari alitabasamu. Mama alisema "alhamdulillahi" na kukaa chini. Walipokuwa ukumbini wakisubiri dawa, katikati ya wagonjwa walioketi kwenye mabenchi, Shangazi alimwinamia Chiriku ili amnong'oneze. Lakini Shangazi alikuwa amesahau zamani jinsi ya kunong'ona, na sauti yake ilifika mpaka dirisha la dawa.

"Mwanangu," alisema, "kutosikia si aibu, na ugonjwa si kosa. Kosa ni kuitikia usichokisikia, na kuwaacha wengine walipie. Ukipungukiwa na kitu, kiseme mapema, kwa mtu anayeweza kukusaidia. Wengi watakusaidia kuliko unavyodhani."

Watu ukumbini waliitikia kwa vichwa. Babu mmoja aliyeketi mwisho wa benchi, mkono nyuma ya sikio, alipaza sauti: "Amesemaje huyo mama? Sijasikia. Arudie!"

Ukumbi ukacheka, na babu akacheka nao, bila haya hata chembe. Shangazi aliona vicheko tu, hakujua sababu. Chiriku alimgeukia, akamwambia polepole, "Babu anaomba urudie."

Shangazi akasimama, akamtazama babu, akarudia neno kwa neno.